Témoin ya Kibati

Nikiwa na miaka minane nilitoa ushahidi wa uongo kwa kijiti, na hatua nne za ardhi kule Kibati zikatoka kwa jirani zikaja kwetu. Hakuna aliyeniita mbele ya watu, sikuapa, sikusema neno. Kijiti kilisema kwa niaba yangu, mama akakiandika, mtu wa chuo kikuu akakieleza, chefu wa kijiji akakata maneno. Nyumba anayoishi mama mpaka leo imesimama nusu yake juu ya hatua hizo nne.

Wiki iliyopita, hapa Himbi mjini ninapofanya kazi ya habari, mlinzi wa ofisi ya jirani alikuwa akipunguza ua wa miyenzi kwa panga. Walio na umri wangu wanaijua miyenzi: mti usio na majani ya maana, vijiti vya kijani vitupu, ukivunja kimoja kinatoa maziwa meupe yanayochoma. Harufu yake, mbichi na chungu, iliingia dirishani, na jicho langu la kulia likaanza kutoa machozi kabla sijajua kwa nini. Nilifunga dirisha, nikalifungua, nikalifunga tena. Mwenzangu wa mezani aliniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, ni miyenzi. Tangu siku hiyo sikai mahali. Naanza kazi moja naiacha, nanyanyua simu naiweka chini. Kwa hiyo naandika, na nitaandika kama nilivyozoea kazini, jambo moja baada ya jingine.

Papa, baba yangu, alinunua parcelle, kiwanja chetu cha Kibati, kabla sijazaliwa. Upande mmoja alipakana na Papa Muhindo, mfanyabiashara wa maharage aliyetoka Butembo. Wanaume hao wawili walipanda ua wa miyenzi kati yao kwa mikono yao wenyewe, siku moja, wakanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakaachana kwa furaha. Hawakuandika popote. Baadaye papa aliugua akafariki, na mwaka uliofuata mlima ukapasuka, mawe ya moto yakateremka yakapita juu ya kila kitu. Tuliporudi kutoka Gisenyi tulikokimbilia, tulikuta uwanja mweusi unaokwaruza kandambili, na mahali pengine ukiinama ulihisi joto usoni. Nyumba haikuwepo, ua haukuwepo, njia haikuwepo. Watu wazima walitembea juu ya mawe wakihesabu hatua kutoka barabarani, kila mmoja kwa urefu wa miguu yake.

Mama na Papa Muhindo walikubaliana kwamba ua ulikuwepo. Hawakukubaliana ulipita wapi.

"Mama Solange, miye sina chuki na weye," Papa Muhindo alisema, amesimama juu ya jiwe kama mtu aliyesimama kwenye mtumbwi. "Lakini mupaka ilipita hapa. Bwana yako alijua."

"Alijua," mama akajibu. "Na sasa hayuko. Ndiyo maana umepata nguvu ya kusema."

"Unanitukana."

"Sikutukane. Ninahesabu watu wenye wanajua, ninaona umebaki peke yako."

Solange ni mimi. Nilisimama nyuma ya mama, nikihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kwa sababu ya mawe. Nilijua hatua nne ni nini. Bila hizo, sehemu yetu iliyobaki upande wa barabara ingekuwa nyembamba kiasi kwamba nyumba ya mbao isingeingia na choo chake, na mama alikuwa amekwisha kusema kwamba nyumba isipoingia, tutarudi Kalengera kwa wazazi wake, kulala kwa watu.

Chefu wa kijiji alisikiliza pande zote mbili. Alikuwa mzee mwenye koti la kijivu na subira fupi. "Kila mutu alete témoin," alisema. "Témoin ni mutu mwenye aliona mupaka na macho yake. Si mwenye alisikia. Mwenye aliona." Akatupa muda hadi mwisho wa mvua.

Papa Muhindo aliwapata mashahidi wake siku hiyo hiyo, wanaume wawili waliokuwa wakimbebea magunia. Mama hakuwa na mtu. Ndugu zake walikuwa Kalengera, na ndugu za papa hawakuwahi kutembelea parcelle ile. Nilimsikia akichambua maharage na kujisemea, "Témoin. Nitamutoa wapi, témoin?"

Ndipo akaja CT. Ni kifupi cha chef de travaux, daraja moja la walimu wa chuo kikuu, na kijijini kwetu liligeuka kuwa jina lake. Alikuwa kijana mrefu, mwenye pikipiki na kofia ya jua, anayeandaa tasnifu yake ya udaktari juu ya namna mimea inavyorudi kwenye mawe ya volkano: nini kinaanza, nini kinafuata, baada ya muda gani. Alihitaji mahali ambapo hakuna atakayepanda, kuvunja mawe ya kujengea, wala kupitisha mbuzi. Kibati nzima ilikuwa ikigonga nyundo. Chefu alimleta moja kwa moja kwenye hatua zetu nne.

"Hapa hakuna mutu atagusa," alimwambia. "Wanagombana."

CT alicheka, akasema hajawahi kupewa mahali pazuri kama hapo.

Alipima viraba vinne, kila kimoja mita moja kwa mita moja, akapigilia vyuma kwenye pembe na kuzungusha kamba ya buluu. Katika cha kwanza alimwaga udongo. Katika cha pili majivu. Cha tatu alitia mbegu za majani. Cha nne, ukingoni kabisa upande wa Papa Muhindo, hakutia kitu.

"Na hii?" mama aliuliza.

"Hii ni témoin," CT akajibu. "Ndiyo ya maana kupita zingine zote. Hakuna mutu kuigusa. Tunaiacha tu, itatuambia ukweli."

Leo najua alichomaanisha. Kwa Kifaransa cha watafiti, témoin ni sehemu inayoachwa kama ilivyo, ili zile nyingine zilinganishwe nayo. Nina hakika alimweleza mama, maana alikuwa mtu wa kueleza. Lakini mimi sikubaki kusikiliza. Nilikuwa nimekwisha kukimbia, nikazunguka nyumba ya majirani mara mbili bila sababu. Nilijua témoin mmoja tu, yule wa chefu. Mama alikuwa amepata shahidi. Na shahidi amewekwa pale pale penye ugomvi, amefungiwa kamba asiguswe, na atasema ukweli.

CT alimwajiri mama kuhesabu mimea kila Jumamosi. Mama alikuwa amefika mwaka wa pili wa sekondari, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wangu. Alipewa daftari lenye jalada gumu, penseli iliyofungwa kwa uzi, na amri moja ambayo CT aliirudia kila alipopanda pikipiki kuondoka: "Mama, andika ile unaona. Usiandike ile unafikiri." Mama alichuchumaa juu ya viraba, akisogeza kidole bila kugusa. Kwenye udongo majani yalitoka haraka. Kwenye majivu yalitoka kwa kusitasita. Kwenye témoin palikuwa na mawe, na baada ya miezi kadhaa, ukoko wa kijivu kama chumvi iliyomwagika, basi.

Kila mwezi CT alikuja, na kabla hata ya kuvua kofia aliuliza, "Témoin inasema nini?"

"Haijasema kitu," mama alijibu. "Bado iko kimya."

CT aliitikia kwa kichwa kana kwamba jibu hilo linamridhisha. Mimi lilininyima usingizi. Mvua ilikuwa inakaribia kwisha, na shahidi wetu amekaa tu.

Kavira, binti wa Papa Muhindo, alikuwa darasa moja nami. Tulirudi pamoja kutoka shule, tukigombana njia nzima kwa furaha, kama dada wawili.

"Papa iko na témoin wawili," aliniambia siku moja. "Nyinyi muko na ngapi?"

"Moja."

"Nani?"

"Iko kwenye kamba ya CT."

Kavira alisimama njiani akacheka mpaka akaweka daftari chini. "Ile mawe? Mawe itasema nini? Itasema kwaa, kwaa, kama bata?"

"Itasema. Haijaanza tu."

"Basi uiambie ianze. Papa anasema wiki mbili na tunajenga depo."

Jumapili baada ya misa nilikwenda nyuma ya kanisa dogo ambalo moto haukulifikia. Pale ua wa miyenzi ulikuwa mzima. Nilivunja kijiti chenye urefu wa mkono wangu, kikatoa maziwa, yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nilikificha ndani ya gauni langu la kanisani. Kwenye viraba hapakuwa na mtu. Nilipiga magoti mbele ya kamba ya buluu, nikajinyoosha, nikakichomeka kijiti katikati, kwenye ufa kati ya mawe mawili. Hakikusimama. Nikachota udongo kutoka kiraba cha kwanza, konzi mbili, nikaushindilia. Sikuona kama nadanganya. Kila mtu alikubali kwamba ua wa papa ulikuwa wa miyenzi. Nilikuwa namkumbusha shahidi neno la kwanza. Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Sema." Halafu nikajipangusa jasho usoni kwa kiganja.

Nilipofika nyumbani tulikokuwa tumepangiwa chumba, jicho la kulia lilikuwa limeziba. Mama alinilaza mapajani akanimwagia maji, kopo baada ya kopo, mpaka gauni likalowa lote.

"Ulishika nini?"

"Nzi aliingia."

"Nzi."

"Nzi mukubwa."

Alishika mkono wangu, akaunusa, akaurudisha kwenye paja langu taratibu kama kitu alichoazima.

Jumamosi nilimfuata na kitambaa juu ya jicho. Alianza na kiraba cha udongo, akahesabu. Sijui kama aliona mahali udongo ulipopungua. Akaenda kwenye majivu, kwenye mbegu. Kwenye témoin alichuchumaa muda mrefu sana. Niliona mgongo wake, nikaona penseli ikikaribia karatasi na kurudi. Mwishowe aliandika, neno fupi, akafunga daftari.

CT alipokuja, kijiti kilikuwa kimetoa vichipukizi vitatu. Alivua kofia kwanza safari hiyo. Akapiga picha, akalala kifudifudi juu ya mawe akapiga nyingine.

"Mama, hii haikupandwa?"

"Weye ulisema niandike ile ninaona," mama alijibu. "Nimeona muyenzi."

CT alianza kutembea huku na huku akieleza, nusu Kiswahili nusu Kifaransa, hakuweza kusimama. Hapa ni ukingo wa mtiririko, alisema, mawe yana kimo cha goti tu. Mizizi ya ua wa zamani ingeweza kubaki hai chini, ikangoja, ikapata ufa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepokea barua. Mimi nilimtazama nikajisikia nimekua. Shahidi wetu alikuwa amefungua kinywa.

Siku ya chefu ilifika. Mashahidi wawili wa Papa Muhindo walionyesha mahali, wote wawili kwa kidole kimoja, haraka. Chefu akamgeukia mama.

"Na weye, témoin yako?"

"Sina," mama alisema.

Nilimvuta kitenge. Akanisukuma nyuma yake kwa mkono bila kunitazama.

Lakini chefu alikuwa amemwona CT akilala juu ya mawe, kijiji kizima kilimwona, na CT alikuwepo siku hiyo kwa ajili ya viraba vyake. Alimwita. "Ile muti ya kijani kwenye kamba, imetoka wapi?"

CT alieleza tena habari ya mizizi.

"Kwa hiyo ua ilipita hapo."

"Sikusema hivyo, chefu. Nimesema inawezekana."

"Inawezekana inanitosha," chefu akajibu. "Hawa wawili wamesema ni hakika, na mumoja wao alikuwa mbali Masisi mwaka ule ua ilipandwa. Ninamujua."

Watu walicheka. Papa Muhindo hakubisha. Alikwenda mpaka kwenye kamba ya buluu, akainama, mikono magotini, akautazama mmea kama anavyotazama maharage kabla ya kununua. Nilidhani atauvuta. Alinyanyuka akasema, "Témoin wangu wamekula, wamekunywa, na wameshindwa na kijiti." Watu walicheka tena, na yeye akacheka kidogo. Halafu akamwambia Kavira waende nyumbani.

Njiani nilimwambia mama, kwa majivuno, "Témoin yetu imesema."

Alisimama. "Usirudie hiyo neno katika nyumba yangu," akasema. Hatukuwa hata na nyumba bado.

Papa Muhindo hakujenga depo, lile ghala la maharage. Aliendelea kutusalimia, akatupatia mbao mbili za kupaulia, na miaka michache baadaye akauza kilichobaki akarudi Butembo. Mimi nilijua maana nyingine ya témoin nikiwa sekondari, siku mwalimu wa biolojia alipochora vyungu vitatu ubaoni na kuandika neno hilo chini ya cha mwisho. Niliomba ruhusa nikatoka, nikatembea mpaka ziwani, sikurudi darasani siku hiyo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhakiki. Nikiambiwa jambo nauliza nani aliona. Wenzangu ofisini wananitania kwamba hata saa ya ukutani naiulizia chanzo.

Basi nilipopata nafasi niliitafuta tasnifu ya CT, ambaye sasa ni profesa mzima mwenye mvi. Niliisoma nimesimama. Ipo sura inayohusu Kibati, na ndani yake picha ya muyenzi. Chini yake pameandikwa kwamba mmea huo haukupandwa, na kwamba huenda ulichipuka kutoka mizizi iliyonusurika. Nilitaka kuifunga, kisha nikaitazama picha vizuri. Muyenzi uko pembeni, karibu na chuma cha kona, upande wa barabara. Mimi nilichomeka katikati. Nakumbuka magoti yangu, nakumbuka kujinyoosha juu ya kamba mpaka gauni likashika mawe. Nimekwenda kuitazama picha ile mara nne. Ninajua pia kumbukumbu ya mtoto mwenye jicho moja ina thamani gani. Huenda nilichomeka pale na akili ikauhamisha. Huenda kijiti changu kilikufa kwa kiu, na kile alichopiga picha CT ni ua wa papa kweli, umepanda kutoka chini, na mpaka uko pale ulipo kwa haki. Au kuna mkono mwingine ulioingia ndani ya kamba kati ya Jumapili ile na Jumamosi.

Miezi mitatu iliyopita watafiti wawili vijana, wanafunzi wa profesa, walinipigia simu. Muyenzi bado upo, umekuwa mti mnene karibu na dirisha la mama. Wanataka kuvunja mawe yanayouzunguka na kufuata mzizi. Ukipenya chini mpaka kwenye udongo wa zamani na kukuta shina lililoungua, sura ile ya Kibati inasimama. Ukiishia kwenye majivu yaliyorundikana juu ya mawe, waliniambia, basi kuna mtu aliupanda. Waliomba niwaombee ruhusa kwa mwenye parcelle.

Nilimweleza Kavira kwanza. Ana duka la dawa hapa Himbi, na urafiki wetu haujawahi kukatika. Nilimwambia kila kitu, tangu kanisani mpaka kwenye jicho, nimesimama mbele ya kaunta yake kama mtu aliyeleta karatasi ya daktari. Alihudumia wateja wawili kabla ya kunijibu.

"Ile siku papa alilia," alisema. "Weye hukuona. Si sababu ya mupaka. Alisema labda kweli alisahau, na kama alisahau ile, amesahau ngapi."

"Nimupigie papa yako?"

"Umwambie nini? Ulichomeka lakini hujui kama ndiyo yenyewe? Ngoja wachimbe."

Kwa mama nilikwenda mwenyewe. Alikuwa akikoroga uji, hakugeuka nilipomaliza kusema.

"Wachimbe," alisema. "Wakikuta mizizi ya baba yako, sawa. Wakikosa, chumba cha upande ule kitabomolewa, na mutu wa kumupigia Papa Muhindo ni weye, si miye."

"Mama, ulijua?"

"Unauliza kama mwandishi wa habari ao kama mutoto yangu?"

"Kama mtoto."

"Mutoto haulizi mama yake vile." Akaonja uji, akaongeza sukari.

Watafiti walikuwa wapande wakati wa kiangazi. Barabara ya Kibati ikafungwa kwa ajili ya vita, ikafunguliwa siku mbili, ikafungwa tena. Nyundo zao na patasi zimehifadhiwa kwetu ofisini, chini ya meza yangu, nazigonga kwa mguu kila ninapogeuza kiti. Papa Muhindo, Kavira ananiambia, anasumbuliwa na kifua na hatoki nje sana. Mama amekwisha kuhamisha kitanda chake kutoka chumba cha upande ule. Hawajachimba.